Kheri Itaongezeka Kuanzia Alhamisi

Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya taarifa ya habari, Hafsia alisoma hali ya hewa ya wiki nzima katika redio ya mkoa. Aliianza kazi hiyo akiwa msichana ambaye hajaolewa, na sasa mvi zilikuwa zimemfika utosini. Watu wa Jeridi, mkoa wetu wa mitende, waliijua sauti yake kuliko sura yake. Akiingia dukani amejitanda, muuzaji alimpimia chumvi bila hata kumtazama; lakini akitamka tu "nusu kilo", vichwa vyote viligeuka, na hapo yakaanza. Mmoja alimlaumu kwa upepo wa mchanga wa jana. Mwingine alimwomba apunguze joto kidogo maana anamwoza binti yake. Wa tatu alisema mama huyu ana upendeleo, ubaridi wote anaupeleka mikoa ya pwani. Hafsia naye hakuwa wa kunyamaza. Mzee mmoja alipomlalamikia baridi ya usiku, alimwambia baridi hiyo haikutoka redioni, ilitoka kwa mkewe aliyempa mgongo, na duka zima lilicheka hata mizani ikaachwa ikining'inia.

Hayo yalikuwa kabla ya Lamin kufa.

Lamin, mumewe, alikuwa mkwezi wa mitende. Moyo wake ulisimama majira ya kuchipua, ndani ya gari la wagonjwa, katikati ya barabara ndefu inayoitenganisha hospitali yetu isiyo na daktari wa moyo na ile ya pwani iliyo naye. Nchi inayozisafirisha tende zetu mpaka ng'ambo ya bahari, zimefungwa kwenye visanduku vyenye picha ya ngamia, haijaweza kumsafirisha daktari mmoja kuja kwa watu wanaozikwea. Lakini hayo ni maneno yangu. Si ya Hafsia. Watu walikaa naye siku za matanga wakisubiri alie, wakachoka kusubiri, wakaenda zao.

Kilichompata si huzuni ile tunayoijua. Ilikuwa ganzi. Alipika, alifua, alimkogesha mama mkwe wake Bi Dhahbia ambaye macho yalikuwa yanamwishia, alikwenda kazini kwa wakati. Binti yake Rim, aliyekuwa akishona nguo kiwandani huko pwani, alimpigia simu kila Jumapili kumuuliza yu hali gani, naye alimjibu kwa kumtajia hali ya joto. Wasikilizaji hawakutambua lolote. Wengine walisema hata kwamba sauti yake imetulia siku hizi, imekuwa ya kupendeza zaidi.

Basi ikaingia vuli, na tende zikaanza kugeuka rangi.

Kwetu vuli ni majira ya roho mkononi. Vichala vinaning'inia vizito juu kabisa, tende zimeshaanza kung'aa kama zina taa ndani, na zimebakiza wiki chache tu ziteremshwe. Mvua ya usiku mmoja katika wiki hizo inatosha. Tende inakunywa maji, inavimba, inapasuka, inachacha, na mnunuzi wa kutoka pwani anapita chini ya mtende akitikisa kichwa kama daktari. Kinga yake ni karatasi ya nailoni: mkwezi anapanda, anakivisha kila kichala, anafunga kamba juu, kichala kinabaki kama mwanamke aliyevaa sketi. Lakini ukikivisha mapema na jua bado kali, tende zinatoka jasho humo ndani na kuharibika vilevile. Usiwahi, usichelewe. Na simu haikusaidii. Simu ya Lazhar, mdogo wake Lamin, ilionyesha kiwingu kinachochungulia jua tangu siku aliyoinunua, kiangazi na masika. Kwa hiyo msitu mzima, maana mitende yetu tunaiita msitu, ulisubiri Jumatatu na sauti ya Hafsia.

Kuna jambo lingine. Tangu tende zigeuke rangi mpaka kichala cha mwisho kishuke, watu wetu hawalitamki jina la mvua. Mvua ni rehema ya Mungu, kuilaani ni dhambi. Na hiyohiyo ndiyo inayotunyang'anya mkate, kuikaribisha hatuwezi. Wazee wakapata njia ya katikati. Mvua ikaitwa mgeni. Mgeni yuko kwa majirani. Mgeni amebisha lakini hakuingia. Na mbingu kavu ikaitwa kheri. Ukimuuliza mtu wa msituni kesho kukoje, akakujibu "kheri", basi anika nguo zako nje ulale.

Sufyan hakulijua hilo, na hakuna aliyemwambia. Alikuwa mkuu mpya wa habari redioni, kijana wa kaskazini, mtoto wa wakulima wa ngano ambao husimama mlangoni vuli nzima wakiitazamia mvua kama watu wanaomtazamia mwana aliyesafiri. Hakuwa mtu mbaya. Alikuja katikati ya kiangazi, akavimba miguu kwa joto letu bila kulalamika, na alipenda maneno mazuri. Juu yake kulikuwa na wakubwa waliotoa agizo kwamba taarifa za hali ya hewa zisitie watu hofu, na kwamba baada ya miaka mingi ya ukame mvua isizungumzwe kana kwamba ni adui. Hapo palimfurahisha Sufyan. Alishika kalamu.

Karatasi iliyotoka mji mkuu Jumatatu ile ilisema hivi kuhusu Kusini-Magharibi: mvua za radi kuanzia Alhamisi alasiri, kubwa mahali pengine, kuendelea usiku. Iliyowekwa mbele ya Hafsia haikusema hivyo. Aliiona ile ya kwanza pembeni, juu ya meza ya Sufyan, akaipitia kwa macho, kisha akaiona ya pili. Alijua. Hapo ndipo pagumu kueleza. Alijua, ila kujua kwenyewe kulimgusa kama unavyoguswa mguu uliokufa ganzi: unauona mkono unakushika, huusikii. Taa nyekundu ikawaka. Akasoma kama ilivyoandikwa.

"Wiki ya kheri inausubiri mkoa wetu. Joto litakuwa la wastani. Pepo nyepesi kutoka mashariki. Na kheri itaongezeka kuanzia Alhamisi."

Alasiri alikwenda kwa Ami Tijani mwoka mikate kuchukua mkate wa mtabga, ule wa kujazwa vitunguu na pilipili. Foleni ilimfungulia njia. Ami Tijani akakataa kupokea chochote, akasema mdomo uliosema maneno yale leo unastahili kulishwa bure mpaka Ijumaa, na Alhamisi ulishwe mara mbili. Mwanamke mmoja alimbusu bega. Kijana wa mwisho kwenye foleni alisema kwamba baba yake alishazitoa nailoni stoo tangu jana kwa sababu hewa ilikuwa nzito, lakini baada ya redio amezirudisha, na wakwezi amewaruhusu waende kwa mjomba wao kuchimba mfereji. Wengine wakasema nao wamefanya hivyo. Hafsia akashukuru, akauchukua mkate, akaenda nyumbani. Aliuweka mapajani ukiwa wa moto vilevile ulivyotoka tanurini, na alipouondoa aliona ngozi imewiva nyekundu.

Bi Dhahbia alikuwa ameketi kwenye mkeka wake karibu na mlango. Alimuuliza mkwewe kama ni kweli alichosikia redioni, kwamba ni kheri.

"Ndivyo nilivyosoma, Ummi."

"Sikukuuliza umesoma nini. Karatasi ya huko juu ilisemaje?"

"Ilisema mvua."

Bi Dhahbia alinyoosha mkono kuifuata sauti, akamchapa mdomoni. Hakumchapa kwa nguvu. Alimchapa kama anavyochapwa mtoto aliyetukana mezani. Neno hilo halikuwa limetamkwa ndani ya nyumba ile katika msimu wa tende tangu ijengwe. Kisha yule mama akaanza kuomba, kwamba iwe kandokando yetu na isiwe juu yetu, akarudia na kurudia, na alipomaliza akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba asubuhi Hafsia aende akalitengeneze. Ikiwa mtu ana miguu na ameharibu, anakwenda.

Hafsia akaenda. Hakwenda kwa sababu moyo ulimsukuma; alitumwa, na siku hizo kutumwa kulimtosha.

Alianza kwa Sufyan. Alimweleza taratibu kwamba watu wamefahamu kinyume, kwamba msituni kheri maana yake ni ukavu, kwamba vichala viko wazi, na mvua ya Alhamisi ikivikuta hivyo mwaka mzima wa watu umekwisha. Akaomba taarifa isomwe upya, kwa neno lake.

Sufyan alimsikiliza kwa adabu. Alimkaribisha kiti, akamwagizia kahawa. "Madamu Hafsia," akasema, "mimi nimelelewa na baba aliyekuwa akivua kofia mvua ikianza. Unataka nitangaze rehema ya Mungu kama unavyotangaza mwizi?"

"Sitaki utangaze mwizi, bwana Sufyan. Nataka useme itanyesha."

"Nimesema. Kheri itaongezeka. Kila Mwarabu anajua kheri inayoongezeka kutoka mbinguni ni nini."

Hafsia alimwambia kwamba si kila Mwarabu. Sufyan akacheka kidogo, akasema kwamba taarifa ikishapita hairudiwi ila kwa ruhusa ya mji mkuu, na mji mkuu ukiulizwa leo utajibu wiki ijayo, nayo wiki ijayo, inshallah, mvua itakuwa imeshanyesha na watu wameshashukuru. Kahawa ililetwa. Hafsia aliinywa yote kwa sababu ililetwa, akaaga.

Kutoka hapo alishuka msituni. Lazhar alikuwa akiitunza mitende ya tajiri mmoja anayekaa mji mkuu, kwa malipo ya sehemu ndogo ya mavuno, na pamoja nayo ile michache aliyoiacha Lamin. Kama mavuno hayapo, sehemu ya Lazhar ni sehemu ya kitu kisichokuwepo; tajiri atasikitika kwa simu. Alikuwa juu akikata miiba ya makuti, miguu mitupu imekumbatia shina, akiimba. Hafsia alisimama chini akangoja wimbo uishe.

"Shemeji, mgeni anakuja Alhamisi."

Kisu kikanyamaza. "Nani kasema?"

"Karatasi."

"Na jana aliyesema kheri ni nani, paka?"

"Jana nilisema mimi."

Lazhar aliteremka. Alipofika chini hakumsogelea. Alisimama upande wa pili wa mfereji, akihema, akijipangusa shingo kwa kilemba. Mara ya mwisho kumtazama shemejiye usoni namna ile ilikuwa makaburini.

"Mimi nikadhani umekosea," akasema. "Kila mtu hukosea. Kumbe ulijua."

"Nilijua."

"Sasa sikiliza, Hafsia. Tangu kaka afe tunapita mbele yako kwa kunyata. Hafsia asiulizwe, Hafsia asisumbuliwe, mwacheni na msiba wake. Sawa. Na mimi je? Mimi nilikula naye sahani moja kabla hujamjua jina. Nami ningependa kufa ganzi, wallahi ningependa. Lakini nikifa ganzi huko juu naanguka. Wewe ukifa ganzi tunaanguka sisi."

Hafsia alisema kwamba amekuja kumwambia ili yeye angalau afunike.

"Mimi angalau," akasema Lazhar. "Nifunike ya kwangu, nikae chini nitazame ya Tijani ikioza, na ya wajane wa mtaa wa juu. Halafu waniulize, Lazhar, wewe ulijuaje? Niwaambie nini, kwamba shemeji yangu alininong'oneza?" Akaokota kisu chake. "Ulisema redioni. Kaseme redioni."

Adhuhuri kulikuwa na kipindi cha salamu. Aliyekiendesha aliitwa Shadlia, mtoto wa mtaa wa wakwezi, mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumsikia amenyamaza. Hata nyimbo alizozicheza alizisemea juu yake. Kilikuwa kipindi cha moja kwa moja, hakina karatasi wala ruhusa. Watu walipiga simu kuwasalimu shangazi zao na kuwapongeza waliofaulu mitihani. Hafsia aliingia studio katikati ya wimbo, akavuta kiti, akasema ana salamu zake. Shadlia alishangaa, akafurahi, akatangaza kwa mbwembwe kwamba leo kipindi kimetembelewa na mama wa mawingu mwenyewe.

Hafsia alisogea kwenye kipaza sauti. Sauti ilikuwa ileile ya Jumatatu.

"Namsalimu shemeji yangu Lazhar, na wakwezi wote, na kila mwenye mtende hata mmoja. Nawaarifu kwamba mgeni anakuja. Atafika Alhamisi alasiri. Anakuja na ngoma zake, na atalala. Jana niliposema kheri nilikuwa nasoma lugha ya watu wengine. Mjiandae. Vifunikeni."

Shadlia alinyamaza. Waliokuwa wakisikiliza wanasema walidhani redio zao zimekatika. Kisha ukasikika wimbo ukianza katikati, maana mtangazaji alikuwa ameubonyeza ovyo, na wakati huo yeye tayari ameshika simu yake anampigia baba yake.

Kabla wimbo haujaisha, simu nyingine ililia mezani kwa Sufyan. Ilitoka ofisi ya wilaya. Wamesikia kuna mgeni Alhamisi. Wanaomba kujua ni wa wizara gani, na kwa nini redio imearifiwa kabla yao. Sufyan alikuwa hajui lolote. Lakini alikuwa mgeni kazini, na mtu wa habari kukiri kwamba hana habari ni jambo zito, kwa hiyo akajibu kwamba kwa sasa taarifa hizo ni siri. Jibu hilo lilipanda ngazi ofisi hadi ofisi, na kila ngazi yule mgeni aliongezeka cheo.

Jumatano mji wetu ulikuwa na shughuli mbili. Msituni, tangu alfajiri, kila mwenye mikono alikuwa juu au chini ya mtende. Wachimba mfereji waliitwa warudi. Wanawake walikata kamba kwa meno, wakapandisha nailoni kwa vikapu, wakatukanana kwa furaha kutoka shamba hadi shamba. Ami Tijani alifunga tanuri, jambo ambalo hakulifanya hata alipozaliwa mwanawe wa kwanza, na unene wake wote ule alionekana amekumbatia mtende mfupi akiamuru watu wamsukume. Barabarani nako, wafanyakazi wa manispaa walipaka chokaa nyeupe kingo za njia, wakafagia mchanga ambao haujafagiwa tangu mgeni aliyepita, wakafunga bendera kwenye nguzo za taa zisizowaka. Walimu waliagizwa watoto waje na mavazi safi. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu uhuru kwa serikali na wakulima kujiandaa kwa jambo moja katika siku moja. Wakwezi waliokuwa juu waliiona chokaa ikiendelea kule chini, wakaulizana hawa nao wamepatwa na nini, na walipoelewa, ilibidi wengine washuke ili wasianguke kwa kucheka.

Hafsia hakucheka. Alikuwa amesimama chini ya mitende ya Lamin akishika kamba. Walimwambia shika, akashika. Walimwambia achia, akaachia. Mara kwa mara mtu alimpitia akamgusa mkono, akamwambia Mungu akupe afya, naye alijibu amina.

Alhamisi mchana wingu lilitokea magharibi, jeusi chini na jeupe juu, likapanda kama maziwa kwenye sufuria. Msitu ulikuwa umekwishavishwa karibu wote. Ulibaki mtende mmoja wa Lamin, mrefu kupita mingine, ambao Lamin mwenyewe ndiye aliyezoea kuukwea na hakutaka kumwachia mtu. Lazhar alikuwa juu yake. Alishavisha vichala vichache. Vingine vilikuwa upande wa pili wa kichwa cha mtende, mahali ambapo lazima mtu azunguke akiwa ameshika kuti. Upepo uligeuka. Matone ya kwanza yalianguka makubwa, yakichimba vishimo kwenye vumbi, na shina likaanza kubadilika rangi kutoka juu kuja chini.

"Shuka, Lazhar," Hafsia akasema.

"Bado upande mmoja."

"Shuka."

"Ni vya kaka hivi, shemeji. Nivifunge tu."

"Shina limelowa. Shuka."

Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosoma upepo na joto, na waliokuwa karibu wanasema kwamba hiyo ndiyo iliyowatisha. Lazhar alitazama chini, akaiachia nailoni aliyokuwa nayo, ikaondoka na upepo ikipepea juu ya msitu, naye akaanza kuteremka, unyayo baada ya unyayo. Alipogusa ardhi mvua ilifungua mlango.

Mjini, wakuu walikuwa wamepangwa mstari mbele ya ofisi ya wilaya, suti na zulia, pamoja na watoto wenye vibendera. Radi ya kwanza ilipopiga, mwanamke mmoja aliyekuwa akipita na punda aliwaambia kwa heshima kwamba mgeni wao ndiye huyo amefika, wamkaribishe. Chokaa ya kingo ilikuwa haijakauka. Iliteremka na maji mtaroni, nyeupe, mpaka kwenye mifereji ya msitu.

Ilinyesha mchana ule na usiku wake. Hafsia alilala. Bi Dhahbia ndiye aliyekesha, akisikiliza.

Asubuhi Sufyan alimwita. Viatu vyake vilikuwa bado vimelowa, maana naye alikuwa kwenye ule mstari, na tangu jana alikuwa akipigiwa simu na watu waliokuwa wakipiga kelele. Alimuuliza kwa nini hakumwambia. Hafsia alimjibu kwamba alimwambia mvua, yeye akasema kheri. Sufyan akajifuta uso. Alisema, bila hasira, kwamba wakubwa wameamua hali ya hewa ya mkoa isomwe kutoka mji mkuu kuanzia wiki ijayo, na kwamba yeye Hafsia atapangiwa kazi nyingine, labda maktaba ya kanda za sauti.

"Wataisoma kwa jina la mkoa, au watasema tu Kusini?"

Sufyan alisema hajui. Nadhani hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kukiri kwamba hajui mbele ya mtu. Hafsia akasema sawa, akachukua mkoba wake. Hivyo ndivyo ilivyokwisha kazi ya miaka mingi, na mji mzima ulipopata habari ulitaka kwenda kuandamana mbele ya redio, na vijana tukaenda, na tukarudi. Yeye hakuja. Alikuwa na kazi msituni.

Jua lilikuwa limetoka kali na nailoni zilihitaji kufunguliwa haraka kabla tende hazijaanza kutoka jasho. Wakwezi walifungua, wanawake chini walikagua. Kichala baada ya kichala kilitoka kikavu, kinang'aa. Tende zilipona. Si zote, msitu ni mkubwa, wako waliochelewa. Lakini sehemu ya Lazhar ilikuwepo, na ya Ami Tijani, na ya wajane wa mtaa wa juu. Ule mtende mrefu peke yake ndio uliopigwa nusu. Vichala vyake visivyovishwa viliteremshwa vikiwa vimevimba, vinanuka siki, nyuki wameshavizunguka.

Hafsia alipofika, wanawake walikuwa wamekaa duara wakichambua, na furaha ya kunusurika ilikuwa imewapanda kichwani. Mke wa Lazhar alichagua tende moja kutoka rundo la vile vibovu, iliyopasuka kwa chini lakini juu bado nzuri, akawakonyeza wenzake. Ni mzaha wa kila msimu. Humpati mtu wetu ambaye hajawahi kulishwa tende chachu na shangazi yake, akaitema, akakimbizana naye mpaka mferejini. Walitaka acheke. Walikuwa wamengoja tangu Lamin afe.

"Onja, mama wa mawingu," akamwambia. "Onja kazi yako."

Hafsia akaitia mdomoni. Wote wakamkazia macho, wengine wameshaanza kuziba vinywa kwa vitambaa. Alitafuna. Alitafuna polepole, akaitoa kokwa, akameza bila kukunja uso.

"Tamu," akasema.

Hakuna aliyecheka. Mke wa Lazhar aliinamia mikono yake. Juu ya mtende Lazhar alikuwa ameona yote. Alikata kijiti kutoka kichala kilichopona, chenye tende zake safi, akashuka nacho katika meno, akakiweka mkononi mwa shemejiye. Hafsia alikitazama, akamshukuru. Akakitia mfukoni mwa joho, akapiga magoti kati ya wanawake waliomsogezea nafasi, akaanza kukunja nailoni zilizolowa, moja juu ya nyingine.